Dhoruba ndogo ya sumaku: inaanzia wapi?



Sisi tuliohamia nchi za kaskazini tumezoea kuambiwa kuwa aurora, ile nuru ya kijani angani, inaletwa na Jua. Ni kweli, lakini ni nusu ya maelezo. Mlipuko wake wa ghafla usiku unatokea nyuma ya Dunia, upande uliolipa Jua mgongo.

Upepo wa Jua unaivuta sumaku ya Dunia hadi inakuwa mkia mrefu unaopita hata Mwezi. Sumaku iliyomo ndani ya upepo huo ikielekea kusini, inaungana na ya Dunia, na nishati inarundikana mkiani, mithili ya mpira wa manati unaovutwa. Kisha mpira unaachiwa. Hiyo ndiyo dhoruba ndogo ya sumaku, ambayo Syun-Ichi Akasofu alieleza hatua zake mwaka 1964.

Ubishi ulikuwa hapa: mpira unaachiwa wapi? Kambi moja ilisema mbali, ambako mistari ya sumaku inakatika na kuungana upya. Nyingine ikasema karibu, kama kilomita 60,000 hivi, ambako mkondo wa umeme unaokatiza mkia unavurugika, halafu vurugu inasambaa kwenda nje. Na setilaiti moja haiwezi kuamua. Ni kama mtu aliyesimama njiani usiku: anajua gari limempita, hajui limetoka wapi.

Ndipo Februari 2007 NASA ikarusha setilaiti 5 za mradi wa THEMIS, ukiongozwa na Vassilis Angelopoulos, zikisaidiwa na kamera za ardhini Kanada na Alaska. Tarehe 26 Februari 2008 zilikuwa zimejipanga mkiani. Mistari iliungana upya kwanza, umbali wa theluthi moja ya njia ya kwenda Mwezini. Kama dakika moja na nusu baadaye aurora ikawaka. Mkondo wa karibu ulivurugika baada ya kama dakika 3.

Kwa hiyo siku ile kambi ya "mbali" ilishinda. Lakini tukio moja si kanuni, na mjadala uliendelea. Tena angalieni: aurora iliwaka kabla ya vurugu ya karibu, jambo ambalo nalo lilihitaji maelezo.

Si ubishi wa vitabuni tu. Chembe zinazorushwa na dhoruba hizi huzijaza setilaiti chaji ya umeme na zinaweza kuziharibu. Anayetaka kutoa onyo mapema lazima kwanza ajue achunge sehemu gani ya mkia.