Benki imekataa mkopo wa kufunga madeni yako? Soma hii kabla hujarudi kwa kausha damu



Swali linalorudi sana ni hili: "Nina madeni matatu. Niliomba benki mkopo mmoja nilipe yote nibaki na deni moja, wamenikataa. Sasa nifanyeje?" Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi na pia ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa hiyo hili naliona kwenye daftari karibu kila msimu. Leo nalijibu kwa urefu.

Wengine mmeona video za Marekani mtu anahamisha deni la kadi ya mkopo. Kule mtu anafungua kadi mpya isiyo na riba kwa miezi 12 au zaidi, analipa ada ya kuhamishia kama asilimia 3 mpaka 5, deni la kadi ya zamani linahamia huko. Huku kwetu kadi ya aina hiyo ni ya wachache sana. Kadi inayohusika na deni hapa ni ile ya ATM ambayo mkopeshaji ameishika pamoja na namba yako ya siri, jambo ambalo halitakiwi kabisa. Ila kuna kitu kimoja cha kujifunza kwao: ukikataliwa mkopo kule, sheria inamlazimisha mkopeshaji akupe sababu. Na wewe anzia hapo hapo.

Rudi kwa afisa mikopo, muulize kwa heshima: "Nimekataliwa kwa sababu gani?" Akikujibu "mfumo umekukataa", usiondoke. Mfumo unasoma taarifa, na hizo taarifa zina jina lako. Tanzania tuna taasisi zinazotunza taarifa za wakopaji, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, zenye leseni ya Benki Kuu. Benki inaangalia huko kabla ya kukupa hela. Una haki ya kuomba ripoti yako, na kukiwa na kosa una haki ya kudai lisahihishwe.

Sababu ninazokutana nazo mara nyingi ni za kawaida tu. Kuna mkopo wa simu ambao mtu ameusahau. M-Pawa, kwa mfano, ni mkopo wa benki ingawa unaupata kwenye M-Pesa, kwa hiyo ile elfu nane uliyoipuuza inahesabika. Wengine walimdhamini shemeji na shemeji kaenda machimbo hajarudi. Wengine majina ya kitambulisho cha NIDA na ya TIN hayafanani. Na wengi wetu mauzo yote yanaingia mfukoni kwenye aproni, hakuna hata shilingi inayopita kwenye lipa namba au akaunti, halafu tunaiambia benki tunauza laki mbili kwa siku. Benki itaziona wapi?

Elfu nane unaweza kuimaliza leo. Majina unarekebisha ndani ya wiki chache. Mauzo kupita kwenye akaunti, hilo linataka miezi kadhaa ya uvumilivu. Usikimbie kuomba benki nyingine wiki hiyo hiyo na kasoro ileile mkononi.

Wakati unasubiri, kaa chini na kalamu. Hapa ndo penye hela, na hapa ndo watu wengi wanaruka.

Chukulia mkopo wa kausha damu wa 300,000. Unalipa 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000. Watakwambia riba ni asilimia 30. Lakini ile laki tatu hukai nayo mwezi mzima, maana unaanza kuirudisha kesho yake. Siku ya 15 umesharudisha 195,000. Ukipiga wastani, mkononi mwako ilikuwepo kama laki na nusu tu, na kwa hiyo laki na nusu umelipa 90,000. Hiyo ni asilimia 60 kwa mwezi, sio 30. Kuna muuza dagaa mmoja hapa sokoni nilimpigia hesabu hii, akanyamaza muda mrefu, akasema, "Kumbe ndo maana mtaji hauongezeki na wateja wapo."

Sasa chukulia uko siku ya 20. Umebakiza 130,000. Umepata SACCOS iko tayari kukukopesha hiyo hela kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayopungua, miezi 6. Inaonekana ni neema. Lakini kausha damu wengi hawakupunguzii hata senti ukilipa mapema, wanataka 130,000 yote. Maana yake riba yao umeshaimeza, huwezi kuikwepa tena. Ukihamisha, unaongeza riba ya SACCOS juu yake, kama 13,650 kwa miezi sita, na ada ya fomu. Hujaokoa kitu.

Ulichopata ni pumzi. Badala ya 13,000 kila asubuhi, mwezi wa kwanza utalipa kama 25,500 na itakuwa inashuka. Kama duka halina mzigo na siku kumi zijazo zitakufanya uuze mizani, nunua hiyo pumzi, ina thamani yake. Kama mzigo upo na unauza, mimi ningekushauri ukaze siku kumi umalize, halafu usirudi.

Deni linalofaa kuhamishwa ni lile ambalo bado bichi, riba yake iko mbele, na mkopeshaji anakubali kufuta riba ya miezi iliyobaki ukilipa mapema. Hilo muulize kabla, na jibu liwe kwenye karatasi. Uliza pia aina ya riba. Milioni moja kwa miezi 6, asilimia 3 kwa mwezi, ikiwa ni riba ya moja kwa moja (wengine wanaiita flati) riba yote ni 180,000. Asilimia 3 hiyohiyo ikiwa inapungua, unalipa mtaji sehemu sawa kila mwezi na riba juu ya kilichobaki, inakuja 105,000. Tofauti ni 75,000, na kwenye tangazo zote zimeandikwa asilimia 3.

Benki zina utaratibu wa kununua mkopo, yaani zinamlipa mkopeshaji wako wa zamani moja kwa moja. Wanaonufaika zaidi ni watumishi wenye mshahara. Sisi wa biashara mara nyingi tunawekewa hela kwenye akaunti tukalipe wenyewe, na hapo pana shimo. Hela ikiingia siku ya mnada, kabati liko tupu, bei ya jumla Kahama imeshuka, mtu anasema ngoja nizungushe wiki moja. Wiki inapita ana madeni mawili makubwa. Lipa siku ileile, kabla hujapita stendi.

Kama milango yote imefungwa, bado kuna njia ambayo watu wanaiona ya aibu lakini inafanya kazi: kubaki na mkopeshaji wako na kuomba mkopo upangwe upya. Nenda kabla hujachelewesha rejesho, sio baada. Mwambie biashara yako inaingiaje. Kwetu hela haiji sawasawa mwaka mzima. Mpunga na pamba vikiuzwa mtaa unachangamka, duara likitema wachimbaji wanalipa madeni, na mwezi wa kwanza kila mtu yuko na ada za shule. Afisa mwenye akili anaweza kukubali rejesho dogo miezi mikavu na kubwa wakati wa mavuno. Na kabla ya yote, fungua daftari la mali kauli. Nimeona mtu anahangaikia mkopo wa laki nne huku wateja wake wanamdai-dai wenyewe bidhaa za laki sita hawajalipa.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na kweli haina riba. Lakini kwa kawaida inatolewa kwa kikundi kwa ajili ya mradi. Ukiichukua ukamlipe kausha damu, mradi hautakuwepo na wenzako ndio watakaobeba rejesho lako. Hapo sikushauri.

Tahadhari nyingine ni programu za simu zinazokutumia ujumbe "umepitishwa mkopo" siku mbili baada ya benki kukukataa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni. Iwe ni programu au ofisi yenye meza moja nyuma ya soko, omba kuiona. Asiyekuonyesha, usimpe picha ya kitambulisho wala ruhusa ya kuona namba za watu kwenye simu yako, maana ndizo atakazozipigia kukudhalilisha.

Ukifanikiwa kulipa deni la zamani, usiondoke na ahadi ya mdomo. Dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, jina lako kamili na tarehe. Rudishiwa dhamana siku hiyohiyo: kadi ya pikipiki, karatasi ya kiwanja, kadi ya ATM, halafu ubadilishe namba ya siri. Barua ipige picha, mtumie mwenzi wako au mtoto mkubwa. Baada ya miezi miwili omba tena ripoti yako uone kama lile deni linasomeka limefungwa. Kama bado linasomeka wazi, barua hiyo ndiyo utakayoenda nayo kwa mkopeshaji, na akikuzungusha, peleka malalamiko Benki Kuu. Tawi lao la karibu na sisi liko Mwanza.