Hakuna damu nje, lakini mtu anaendelea kuwa mweupe

Sisi sote tumeona ajali za pikipiki. Mtu anaanguka, anasimama, anajipanguza vumbi, na watu wanashukuru kwa kuwa hakuna damu. Baada ya masaa mawili analala, anatokwa jasho baridi, anaomba maji kila mara. Tunasema ni uchovu. Huenda damu inamwagika ndani ya tumbo.

Mtu mzima ana damu litre 5 hivi. Tumbo linaweza kupokea nyingi kabla halijavimba, kwa hiyo msingojee uvimbe. Shika kifundo cha mkono wake, hesabu mapigo kwa dakika 1. Yakipita 100 hali amelala, tena ni dhaifu, hiyo ni hatari. Viganja na midomo vinapauka, anahangaika, akiketi anapata kizunguzungu. Maumivu ya bega la kushoto lisilogongwa yanaweza kutoka kwenye bandama. Huku kwetu tuangalie sana hapo: malaria ya mara kwa mara inakuza bandama, nayo hupasuka hata kwa pigo dogo, pengine siku kadhaa baada ya ajali.

Wala si ajali tu. Mama aliyekosa siku zake, akashikwa ghafula na maumivu chini ya tumbo na kuzimia, mimba yaweza kuwa nje ya kizazi na mrija umepasuka. Ni wa hospitali leo hii.

Nyumbani hakuna dawa ya kuzuia damu hiyo. Mlaze chali, mfunike blanketi, inua miguu kama haikuumia wala nyonga. Akizimia na bado anapumua, mgeuze ubavu. Usikande tumbo, usimpe aspirini wala ibuprofeni. Asile, asinywe, hata chai ya sukari (mama zetu wataona ni ukatili), kwa sababu huenda atapasuliwa. Lowesha midomo tu.

Maombi yafanyike njiani. Chumba cha maombi kisiwe kituo cha kwanza.

Gari au tipoyi ni bora kuliko kumbana katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Pigeni simu mbele muulize kama daktari wa kupasua yupo na kama damu ipo. Ndugu wawili watatu wenye afya waende pamoja naye, wawe tayari kutoa damu.