Hitilafu ya Intaneti: Kwanza Ijulikane Ilipo

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilikatika. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Malawi. Siku hiyo askari aliyeifungua kompyuta yake nyumbani alijisumbua bure, kwani hitilafu ilikuwa baharini.

Tukio hilo linafundisha kwamba kabla ya kutengeneza, sharti pajulikane palipoharibika. Kwanza zitazamwe taa za modemu na zikaguliwe nyaya zake. Pili izimwe, ingojewe nusu dakika, kisha iwashwe. Tatu ijaribiwe simu: ikipata intaneti kwa modemu hiyo hiyo na kompyuta ikakosa, ubovu umo katika kompyuta. Zote mbili zikikosa, na majirani nao wakikosa, ubovu uko nje ya nyumba. Hapo mwenye kutoa huduma ndiye wa kuarifiwa.

Wakati kama huo hutokea mtu akapiga simu, akadai neno la siri ili eti arekebishe mambo. Asipewe. Mlinzi hamkabidhi mgeni funguo za ghala kwa sababu taa zimezimika.