Mwaka wa Kujitolea Ughaibuni: Nini Hasa Humkomaza Kijana?

Kwa miaka mitano ya mwanzo, mpango wa weltwärts ulikuwa barabara ya upande mmoja. Serikali ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 2008 ili vijana wake wa miaka 18 hadi 28 wakajitolee nje, na wakazi wa miji kama Moshi na Mbeya wamekwisha kuwazoea: wanang'ang'ania kiti kwenye daladala, wanajifunza kukata tonge la ugali, wanafundisha kompyuta. Mwaka 2013 barabara ikafunguliwa upande wa pili. Vijana wa nchi za Kusini, Watanzania wakiwemo, nao wakaanza kwenda Ujerumani. Hupangiwa shule za chekechea, nyumba za wazee au vituo vya watu wenye ulemavu, aghalabu kwa mwaka mmoja. Hupewa mahali pa kulala, chakula na hela kidogo ya matumizi. Mshahara hakuna.

Anayerudi huambiwa amebadilika. Wengine husema kwa sifa, wengine kwa kejeli, hasa akianza kufika kwenye vikao vya harusi dakika tano kabla ya saa iliyotangazwa.

Je, kweli hubadilika? Mwaka 2013 wanasaikolojia wawili wa Ujerumani, Julia Zimmermann na Franz Neyer, walichapisha utafiti wa wanafunzi wa vyuo vikuu zaidi ya 1,100. Karibu nusu yao walikwenda kusoma nje, waliosalia walibaki nyumbani, na wote walipimwa kabla na baada. Waliosafiri walirudi wakiwa wepesi zaidi kupokea mambo mapya, wapole zaidi kwa wenzao, na wasiwasi umepungua. Ni kweli kwamba wasafiri walikuwa na tabia tofauti kidogo hata kabla ya kuondoka. Mwoga wa watu mara nyingi hajazi fomu. Hata hivyo, jambo lenye uzito lilikuwa chanzo cha mabadiliko yenyewe. Yalifuatana na marafiki wapya wa kigeni ambao kijana aliweza kuwategemea. Kufika tu ng'ambo hakukutosha.

Hao walikuwa wanafunzi, na mwanafunzi ana pa kujificha: hupika na wenzake wa nyumbani na kuongea lugha ya kwao mpaka usiku. Anayejitolea chekechea hana nafasi hiyo.

Asubuhi watoto wanavua viatu mlangoni na kuvaa ndara za ndani, kisha wanakaa duara, wanaimba na kuangalia nani hayupo. Mvua ikinyesha hawafungiwi ndani. Wanavalishwa suruali zisizopitisha maji na mabuti, kisha wanaachiwa watoke wakachezee tope. Kazi ya kuwavalisha, mmoja baada ya mwingine, huku amepiga magoti korido nzima, ni ya kijana aliyetoka Tanzania akiwa na cheti cha kidato cha sita. Hajui mkasi unaitwaje. Mtoto wa miaka minne anamsahihisha Kijerumani chake mbele ya watu, bila huruma. Mkuu wa chekechea, mama anayekaribia kustaafu, anataka aitwe kwa jina lake la kwanza, na ulimi uliolelewa kwa shikamoo unagoma.

Kwa mtu mzima, kurudishwa darasa la kwanza namna hii kunauma. Ila kunatokea kwa wakati wake. Jeffrey Arnett, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza mwaka 2000 kwamba miaka ya 18 hadi 25 ihesabiwe kuwa kipindi cha pekee, ambacho kazi, mapenzi na imani za mtu bado hazijakaza. Alikuwa na jamii za viwanda akilini. Tanzania, binti wa miaka 22 anaweza kuwa tayari analipa ada za wadogo zake.

Na hapo ndipo safari ya Mtanzania inapotofautiana na ya Mjerumani. Nyumbani, aliyeko Ulaya anahesabiwa kuwa na hela. Mjomba anataka simu, shangazi ana paa linalovuja. Kijana, ambaye posho yake, ukiondoa tiketi za basi na vocha, haifiki mbali, analazimika kumwambia mkubwa wake "sina", pengine kwa mara ya kwanza maishani, na kuvumilia ukimya unaofuata. Kipimo hicho si kidogo kuliko lugha wala baridi.

Baridi nayo ipo. Katikati ya Desemba mjini Berlin jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Jumapili maduka mengi yamefungwa na mitaa imepoa. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika mhadhara alioutoa Rio de Janeiro mwaka 1954, aliyapanga maisha ya mgeni kwa hatua: fungate kwanza, kisha kukereka na kila kitu, kisha kuzoea. Mwaka uliofuata Sverre Lysgaard aliandika kuhusu raia 200 wa Norwei waliokaa Marekani, akaona hali yao ikishuka na kupanda kama herufi U. Herufi hiyo bado huchorwa kwenye semina nyingi, ingawa tafiti za baadaye hazikuiunga mkono sana. Wageni wengi huumia tangu wiki za mwanzo, na fungate hawaioni.

Semina zenyewe zina maana zaidi kuliko mchoro huo. Weltwärts hudai angalau siku 25 za semina kwa mwaka wa kujitolea, na kujitafakari kunakofanyika humo kuna ushahidi nyuma yake. Mwaka 2018 Hajo Adam na wenzake walionyesha kwamba walioishi nje hujifahamu kwa uwazi zaidi. Idadi ya nchi haikuwa na uzito. Muda wa kukaa ndio uliokuwa nao. Sababu waliyoiona ni kwamba mtu hulazimika kuchambua kila desturi aliyokua nayo: hii ni yangu kweli, au niliikuta tu? Shikamoo huenda ikabaki. Kuchelewa kikao huenda kusibaki.

Kwa kipimo hicho cha muda, ziara za wiki mbili ambazo vijana wa nchi tajiri hulipia ili kukumbatia watoto yatima hazina faida kubwa kwa mgeni, na zina hasara kwa mtoto anayezoea uso na kuupoteza kila mwezi. Mwaka 2018 Bunge la Australia lilipojadili sheria ya utumwa mambo leo, biashara hiyo ya vituo vya yatima ilitajwa waziwazi.

Kijana anayepewa fomu leo ana haki ya kuuliza: nitakaa muda gani, nani mlezi wangu nje ya kazi, semina ziko ngapi, nani analipa nauli? Aulize pia kuhusu kurudi. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliiongezea ile herufi ya Lysgaard mkono wa pili, ikawa W, kwa sababu waliona wasafiri wakishuka tena wakishafika kwao. Mashirika makini huandaa semina ya wanaorejea. Wasipoipata, wengi huishia kuzungumza na kundi la WhatsApp la waliokuwa nao Ujerumani, saa ambazo nyumba nzima imelala.