Tumbo Lililoachwa Wazi

Gari likipinduka Kitonga, Iringa, au mlima Iwambi, Mbeya, mkamkuta mtu tumbo limepasuka na utumbo umetokeza, msiurudishe ndani. Ufunikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Msimpe chakula wala kinywaji. Mpelekeni hospitali upesi.

Huko msishtuke daktari akimpasua asimshone. Utumbo uliovimba ukibanwa, damu haipiti, figo hushindwa, pumzi huwa nzito. Kwa hiyo huufunika kwa plastiki safi, kama Dakta Oswaldo Borráez alivyofanya huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1984. Baada ya siku moja au mbili humrudisha chumba cha upasuaji, humsafisha, na uvimbe ukipungua humshona.

Basi msimtoroshe mgonjwa. Toeni damu, mkangoje kwa saburi.