Mtoto Aliyeumia Ubongo Naye Ashirikishwe Mchezo

Jioni haipiti kambini bila watoto kucheza baba na mama. Kizibo cha chupa huwa sahani, mchanga huwa ugali, na fimbo huwa bunduki ya askari wa zamu. Wazazi hupita wakicheka, wasijue kwamba hapo watoto wamo darasani.

Kwa kawaida mtoto wa mwaka 1 na nusu huweza kujifanya anakunywa katika kikombe kitupu. Afikapo miaka 2 au 3, hukipa kitu kimoja kazi ya kingine. Mtaalamu wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto apandaye fimbo na kuiita farasi huanza kutenga maana ya kitu na umbo lake. Uwezo huo humsaidia baadaye katika kusoma na kufikiri.

Lakini wako watoto ambao ubongo wao umeumia kwa kuanguka, kwa ajali za barabarani, au kwa malaria iliyopanda kichwani. Uchunguzi wa watoto waliotibiwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, uliotangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba miaka 2 baada ya malaria hiyo, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu wa kufikiri, kukumbuka au kuwa makini.

Mtoto wa namna hiyo aweza kuonekana mzima, lakini akipewa kopo huligonga chini, kisha huliacha. Wazazi wengine humwita mvivu na kumchapa. Hilo ni kosa, kwani asiyeweza kuanzisha mchezo mara nyingi huweza kuufuata akianzishiwa.

Basi baba arudipo kutoka lindoni, na aketi naye jamvini mahali pasipo kelele. Achukue kopo tupu, ajifanye anakunywa, aseme, "Chai hii tamu!" Kisha ampe mtoto na kungoja bila kumharakisha, maana ubongo ulioumia huenda polepole. Mtoto akiiga, asifiwe. Siku nyingine mama amnyweshe chai hiyo mwanasesere wa maganda ya mgomba. Dakika 10 kila siku zatosha kwa kuanzia.

Mchezo hauchukui nafasi ya matibabu. Mtoto mwenye degedege, anayesahau maneno aliyoyajua, au anayetapika baada ya kugonga kichwa, apelekwe hospitali upesi. Lakini daktari humwona kwa muda mfupi tu. Baada ya hapo, malezi ni ya baba na mama.