MATAIRI YA BEI NAFUU KWA GARI KUUKUU

Ndugu Wanachama,

Napenda kusema machache juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka siku tairi linapopasuka njiani.

Karafuu zinazovuka kutoka Kilindoni hushukia Nyamisati, katika delta ya Rufiji. Hapo hupakiwa garini hadi Bungu, penye barabara kuu, kisha huelekea kusini Kibiti au kaskazini Dar es Salaam. Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024, na kimbunga Hidaya cha Mei mwaka huo huo, vilituonyesha jinsi njia za pande hizi zinavyoweza kuharibika. Gari likikwama mvuani, gunia la karafuu kavu hunyonya maji, karafuu huota ukungu, na bei huanguka. Aidha, tairi likipasuka gari likiwa mbioni, si mali tu itakayopotea. Wamo watu ndani.

Basi mwenye gari kuukuu na fedha chache anunue tairi gani? Twaanza na hesabu. Tuseme tairi moja ni shilingi 120,000 nalo litakwenda kilomita 20,000. La pili ni shilingi 200,000 nalo litakwenda kilomita 50,000. La kwanza litakula shilingi 6 kwa kila kilomita, la pili shilingi 4. Kumbe lile la bei ndogo ndilo ghali. Kwa hiyo usiulize bei peke yake. Soma kwanza ubavuni mwa tairi, kwani mambo matatu yameandikwa pale.

Kwanza, kipimo. Pikapu nyingi za zamani huvaa 195R14C. Herufi C maana yake ni tairi la gari la mizigo. Tairi la gari dogo laweza kuingia katika rimu ile ile, lakini halikutengenezwa kwa magunia.

Pili, uzito. Baada ya kipimo huja namba kama 106/104. Namba 106 maana yake tairi likiwa peke yake hubeba kilo 950. Namba 104 ni kilo 900, yakiwa mawili mawili upande mmoja. Matairi mawili ya nyuma ya pikapu, basi, yasizidishiwe kilo 1,900, na ndani ya hesabu hiyo umo uzito wa gari lenyewe, si magunia peke yake.

Tatu, umri. Tafuta herufi DOT. Mwisho wa maandishi yake pana tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, liache. Mpira hukauka na kupasuka hata ukiwa dukani. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, wala lisitumike kupita miaka 10, hata kama kashata zake ni nzima.

Ama kuhusu matairi yaliyokwisha kutumika, hayo hupendwa kwa urahisi wake. Hapana budi kuyakagua kwa macho na vidole, nje na ndani. Ukiona uvimbe ubavuni, nyufa, au nyuzi zilizotokeza, usinunue. Jihadhari pia na tairi la kipara lililochongwa mifereji kwa kisu cha moto likapakwa rangi nyeusi. Mifereji hiyo imekata mpira uliobaki, na tairi limezidi kudhoofika.

Fedha zikitosha matairi mawili tu, nunua mawili mazuri, usinunue manne mabovu. Yafunge yote mawili nyuma, kwa sababu barabarani kwenye maji, nyuma ikiteleza gari hugeuka na dereva hushindwa kulirudisha. Ya mbele nayo yasiwe vipara. Kwa Canter yenye matairi mawili mawili nyuma, yanayokaa pamoja yawe sawa kwa kimo. Likiwa moja kubwa, hilo hubeba mzigo wa mwenzake, likapata moto na kupasuka.

Tairi jipya nalo lahitaji matunzo. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Mtu hupunguza upepo ili apite mchangani, akafika lami akasahau kuujaza. Tairi legevu hujikunja, hupata moto, na hufa mapema. Maji ya chumvi hula rimu, na kutu huvujisha upepo; kila unapobadili tairi, mwambie fundi asugue rimu na atie valvu mpya. Wala usisahau tairi la akiba, maana lisilo na upepo ni mzigo tu.

Mwisho, nawaomba wanachama wenye magari wanakili kipimo na namba ya uzito kutoka ubavuni mwa matairi yao, wailete karatasi hiyo ofisini kabla ya msimu wa mavuno. Wenye kipimo kimoja tukikusanyika, twaweza kwenda kwa mwenye duka pamoja na kupatana naye bei, jambo ambalo mmoja mmoja hatuliwezi.

Wasalaam,
Katibu